Namba ya simu ipo kila ukurasa ila haimo kwenye ukurasa wowote: jinsi CMS inavyopanga websaiti yako

Kuna simu nimeipokea mara nyingi mno, sauti tofauti maneno yaleyale. Mteja anasema kaka, tumebadilisha namba ya ofisi, nimeingia kwenye websaiti nibadilishe mwenyewe kama ulivyonielekeza, nimefungua Mwanzo sijaiona, nimefungua Kuhusu Sisi hamna, nimefungua Huduma hamna, nimemaliza kurasa zote arobaini na kitu, lakini nikiangalia kwa simu yangu ile namba ya zamani ipo pale chini, kila ukurasa. Kitu kinakuwaje kila mahali alafu hakipo popote?

Swali zuri kweli, na ukilielewa jibu lake umeshaelewa sehemu kubwa ya kazi ya kupanga kurasa kwenye hii mifumo ya kuendeshea websaiti tunayoiita CMS, yaani WordPress, Joomla, Drupal na ndugu zao. Jibu ni kwamba ule ukurasa anaouona kwenye simu haujahifadhiwa popote ukiwa mzima. Unaungwa pale pale mtu anapoufungua. Seva (kompyuta inayotunza websaiti yako) inapokea ombi, inaenda kwenye hifadhidata kuchukua maandishi yako, inaenda kwenye folda ya themu (mkusanyiko wa mafaili ya umbo la websaiti) kuchukua muundo, inabandika hedha juu (sehemu ya nembo na menyu) na futa chini (ile sehemu ya mwisho ya ukurasa), inatuma. Mtu mwingine akifungua sekunde mbili baadae inaunga upya (au inatoa nakala iliyoiweka pembeni kupunguza kazi, ila tusifike huko). Kwahiyo namba ya simu imekaa sehemu moja tu, kwenye futa, na futa inaitwa na kila ukurasa.

Ile sehemu ya chini mafundi wengi tunaiita hivyo hivyo, futa, na usije ukamwambia kijana anayeanza kazi kwenye simu "nenda kwenye futa". Mimi niliwahi. Akaniuliza nifute kipi bro, nikamwambia ya chini, akafuta ukurasa wa mwisho kwenye orodha. Bahati nzuri WordPress inaweka vilivyofutwa kwenye pipa lake kwa siku 30, tukaurudisha.

Zamani, kabla ya haya mambo, kila ukurasa ulikuwa faili lake la HTML (lugha ya kuandikia kurasa) limekamilika, lina hedha yake, menyu yake, namba yake ya simu. Ukitaka kubadilisha namba unafungua faili sitini. CMS ilikuja kuvunja hiyo: maneno yakae huku, umbo likae kule, na yakutane mlangoni tu. Faida yake kila mtu anaiona. Gharama yake ndo haisemwi, kwamba ukishatenganisha hivyo vitu viwili kila kitu unachokiona kwenye kioo kinakuwa na "nyumbani" kwake, na usipojua nyumbani kwake ni wapi utazunguka kama huyo mteja wangu.

Chukua kanga. Ina pindo kuzunguka, ina mji katikati, ina jina lile la maneno chini ya mji. Anayechora kanga mpya hakai chini kuamua upya jina likae wapi, nafasi ipo tangu enzi, kinachobadilika ni maua na maneno. Templeti, yaani kiolezo cha ukurasa, ndo hiyo. Unachora pindo, unaacha mji, unaacha nafasi ya jina. Ila kuna tofauti moja inayowaua watu wengi wanaotoka kwenye kudizaini mabango na kuingia kwenye websaiti: mchora kanga anajua jina kabla ya kuchapa. Wewe hujui. Unachora leo, jina litaandikwa na sekretari mwaka kesho, na linaweza likawa na maneno matatu au kumi na tano. Hilo nitalirudia, mana ndiko kurasa nyingi zinapoharibikia.

Sasa hii mifumo haifanani jinsi inavyojibu lile swali la "hiki kinakaa wapi". Nianze na Joomla mana lina kajina ketu. Mwaka 2005 kulikuwa na mfumo unaitwa Mambo (ukilisikia mdomo unataka kujibu poa). Watengenezaji wake wakahitilafiana na kampuni iliyokuwa inamiliki jina hilo, Agosti mwaka huohuo wakajitoa na kodi yao (maandishi ya programu, siyo kodi ya TRA), wakatafuta jina jipya, wakaangukia neno la Kiswahili jumla. Wakaliandika Joomla ili wazungu walitamke sawa. Toleo la kwanza likatoka Septemba 2005. Ndo mana nikisikia mtu anasema "juumla" kwa kuvuta najua hajawahi kuambiwa.

Joomla ukurasa wake ni vyumba. Templeti inatangaza vyumba vyenye majina, mfano ile templeti ya Cassiopeia iliyokuja na Joomla 4 mwaka 2021 ina chumba kinaitwa top-a, kingine sidebar-right, kingine banner, kingine footer, na katikati kuna sehemu kubwa ya makala yenyewe. Alafu wewe unatengeneza moduli, vipande vidogo vidogo kama menyu, kisanduku cha kutafuta, habari tano za mwisho, na kila moduli unaipangia chumba na unaiambia ionekane kwenye kurasa zipi. Ukitaka kujua vyumba viko wapi unaruhusu kwanza kwenye mipangilio ya templeti alafu unaongeza ?tp=1 mwisho wa anwani, ukurasa wako unaonekana umechorwa visanduku vyenye majina. Hiyo peke yake ingeniokolea miezi miwili ya mwanzo kama mtu angeniambia.

Kinachochanganya Joomla ni menyu. Kwenye Joomla menyu inafanya zaidi ya kumpeleka mtu sehemu, aina ya menyu uliyochagua ndo inaamua ukurasa utapangwaje. Kategoria ileile ya Habari ukiiwekea menyu ya aina ya blogu inatoka na picha na vipande vya maandishi, ukiiwekea ya aina ya orodha inatoka kama jedwali la vichwa vya habari. Makala hazijaguswa. Na moduli nazo zinaangalia menyu kujua zitokee au zisitokee. Mtu anashangaa kwanini makala moja ina kolamu ya pembeni na nyingine haina, anakagua makala zote mbili, ziko sawa, kumbe tofauti iko kwenye menyu mtu alipopitia.

WordPress imeenda njia nyingine. Yenyewe ilianza Mei 2003, na themu tunazozijua zikaingia kwenye toleo la 1.5, Februari 2005. Hapa badala ya vyumba kuna foleni. Ukifungua anwani yoyote, WordPress kwanza inajiuliza hiki ni kitu gani, ni posti (habari au tangazo), ni ukurasa, ni kategoria, ni matokeo ya kutafuta, ama hakipo kabisa? Ikishajua inaanza kuita majina ya mafaili kwenye folda ya themu, kuanzia la kipekee kabisa kushuka mpaka la jumla, na la kwanza kuitika ndo linapanga ukurasa.

Tutumie websaiti ya shule, mana nyingi nilizofanya ni za shule. Mzazi kafungua kategoria ya matangazo. WordPress inaita category-matangazo.php, upo? Hayupo. Inaita category- na namba ya hiyo kategoria, hayupo. category.php? Hayupo. archive.php? Hayupo. Basi index.php, huyo yupo siku zote, ndo mzee wa mwisho kwenye foleni, asipokuwepo hiyo themu haihesabiki kuwa themu (zile mpya za bloku nitakazozigusa mbele zina la kwao). Kwa posti ya kawaida foleni inapita single-post, single, singular, index. Kwa ukurasa kama Kuhusu Sisi inaangalia kwanza kama umechagua templeti maalum kwa mkono, alafu page yenye jina la huo ukurasa, page yenye namba yake, page tupu, singular, index.

Inaonekana kama mambo ya mafundi tu ila matokeo yake ni makubwa kwa anayedizaini. Maana yake ni kwamba huhitaji kuchora kurasa mia, unachora labda saba au nane na foleni inasambaza zenyewe. Na ukitaka matangazo ya shule yawe na muonekano wake hugusi tangazo hata moja, unaongeza faili moja lenye jina sahihi na kuanzia sekunde hiyo kurasa zote za orodha hiyo zinabadilika, za leo na za miaka mitano nyuma. Mara ya kwanza nilipolifanya hilo nilirudi kulifuta na kuliweka tena kama mara tatu hivi kuhakikisha siyo bahati.

Drupal ninaipita haraka, inataka makala yake. Dries Buytaert wa Ubelgiji aliitoa Januari 2001, ina vyumba kama Joomla na foleni ya templeti kama WordPress kwa pamoja, na tangu toleo la 8.7 la 2019 ina kifaa cha kupanga ukurasa kwa kuburuta kiitwacho Layout Builder. Ina nguvu sana. Kwa websaiti ya saluni ni sawa na kukodi skaveta kuchimba shimo la mchicha.

Tukafika Desemba 2018, WordPress 5.0, wakaleta bloku. Kabla ya hapo ulikuwa na kisanduku kimoja kikubwa cha kuandikia kama Word. Baada ya hapo kila aya ni bloku, picha ni bloku, kitufe ni bloku, na unaweza kuweka kolamu ndani ya posti yenyewe. Watu walilalamika sana wakati ule na mimi nilikuwemo. Alafu Januari 2022, toleo la 5.9, wakasogeza mstari: sasa hata hedha na futa na templeti nzima ni bloku, unazihariri palepale kwenye kivinjari bila kugusa yale mafaili ya .php, mradi themu yako iwe ya aina hiyo mpya.

Na hapo ndo jamaa wengi walipopotea, mana ule mpaka niliousema mwanzo, wa maneno huku na umbo kule, bado upo palepale ila umeacha kuonekana. Ukihariri posti unaona bloku. Ukihariri templeti unaona bloku. Zinafanana rangi, zinafanana vitufe, na kwenye templeti kuna sehemu imeandikwa maudhui ambayo ni nafasi tu ya kushika mahali. Kuna shule moja mwalimu wa taaluma aliingia kuandika kwamba shule imefunga tarehe fulani, akaingia upande wa templeti bila kujua, akaandika chini ya kichwa cha habari kwa herufi nyekundu kubwa, akahifadhi. Kuanzia pale kila posti ya websaiti, hata ya mahafali ya miaka ile, hata ya msiba wa mzee aliyekuwa kwenye bodi, ikawa inasema SHULE IMEFUNGWA. Ilikaa wiki nzima. Kosa siyo la mwalimu kwa maoni yangu, ni la aliyempa ufunguo wa chumba asichohitaji, na huyo alikuwa mimi. Mwandishi wa habari mpe cheo cha mhariri, Editor, hicho hakimfikishi kwenye templeti. Usimpe cheo cha msimamizi kisa tu ndo nywila uliyokuwa nayo karibu.

Kuna mtego mwingine wa aina hiyohiyo ambao umekula usiku wangu kadhaa. Themu mpya za bloku zinakuja na templeti kama mafaili kwenye folda. Ukizihariri kwenye kivinjari, WordPress haigusi lile faili, inahifadhi toleo lako kwenye hifadhidata, na kuanzia hapo toleo la hifadhidata ndo linashinda. Sasa fundi mwingine anakuja mwezi wa tatu, anafungua faili kwenye seva, anarekebisha, anahifadhi, anafungua ukurasa, hakuna kilichobadilika. Anafuta kumbukumbu ya kivinjari. Hakuna. Anazima plagini (programu ndogo za nyongeza). Hakuna. Anaanza kumlaumu mwenye hostingi, yaani anayekodisha seva. Wakati dawa ni kuingia kwenye orodha ya templeti, utaona ipi imeguswa, na kuna chaguo la kuirudisha ilivyokuwa kwenye faili. Ila kabla hujaibonyeza kopi kwanza kilichomo, mana kuna mtu alikihariri kwa sababu.

Nikija kwa wale wa plagini za kujengea kurasa kwa kuburuta, sitawasema vibaya, zimelisha familia nyingi ikiwemo ya kwangu. Zinakufanya upate ukurasa mzuri haraka. Ila ujue zinafanya nini na lile swali letu: zinachukua umbo na kulirudisha ndani ya maneno. Upana wa kolamu, rangi ya kitufe, nafasi ya juu na chini, vyote vinaingia kwenye ukurasa huohuo mmoja. Ukiwa na kurasa kumi umerudi kulekule kwenye mafaili sitini ya zamani, rangi ya chama ikibadilika unafungua mmoja mmoja. Na plagini kadhaa za zamani ukizizima zinakuachia ukurasa umejaa mabano ya mraba na vifupisho, maandishi yako yamezama katikati kama dagaa kwenye wavu. Nilipokea websaiti ya hivyo, kurasa mia na kitu, tukakaa watu wawili siku nne tukisafisha kwa mkono. Zingine siku hizi zina templeti za pamoja na rangi za pamoja, ukizitumia hizo umejiokoa, watu wengi hawazitumii.

Haya, sasa kudizaini kwenyewe. Wengi tunaanza na ukurasa wa mwanzo mana ndo mteja anaulizia. Mimi niliacha. Naanza kwa kuuliza hapa kuna vitu vya aina gani, na kila kimoja kina nini ndani yake. Shule ina habari, ina matukio, ina fomu za kupakua, ina walimu. Tukio lina tarehe, mahali, saa, na mtu wa kumuuliza. Habari haina hivyo. Ukiviweka vyote kwenye posti ya kawaida basi tarehe ya kikao cha wazazi itaandikwa katikati ya aya ya tatu, na hakuna templeti duniani itakayoweza kuitoa hapo na kuiweka juu kwa herufi kubwa. WordPress inaruhusu kutengeneza aina zako za maudhui tangu zamani tu, toleo la 3.0 la 2010 ndo lililofanya iwe rahisi, unaipa Tukio visanduku vyake na templeti yake kwenye foleni, single-tukio.php. Baada ya hapo kupanga ukurasa kunakuwa kazi nyepesi mno, mana una vipande vinavyojitegemea vya kupanga. Ukiona dizaini inakusumbua kupita kiasi mara nyingi shida iko huku nyuma, vitu havijatenganishwa.

Sababu ya pili ya kutoanza na ukurasa wa mwanzo ni kwamba watu hawapitii huko kama mwenye shule anavyodhani. Mzazi katumiwa linki kwenye grupu la WhatsApp la darasa, kabonyeza, kaangukia moja kwa moja kwenye tangazo. Mwingine katafuta Google fomu ya kujiunga, kaangukia kwenye fomu. Kwao hao, ile posti moja ndo websaiti yote. Kwahiyo templeti ya posti inatakiwa ijibu hii ni shule gani, ipo wapi, nampigia nani, bila mtu kurudi ukurasa wa mwanzo. Ukurasa wa mwanzo kwa kweli ni uwanja wa siasa, kila idara inataka ionekane, mkuu anataka picha yake na neno la ukaribisho, ndo zinazaliwa zile slaida za picha saba zinazozunguka ambazo mtu anaona ya kwanza tu kisha anateremka. Wape, ila nguvu zako ziache kwenye templeti za ndani.

Turudi kwenye jina la kanga sasa. Ukidizaini unajaza maneno ya mfano, na wewe kwa sababu ni mtu mwema unajaza mafupi mazuri: Karibu Shuleni Kwetu. Inapendeza. Alafu ofisi inakuja inaandika hiki, na ni aina ya kichwa ninachokutana nacho kila mwaka:

TANGAZO LA NAFASI ZA KUJIUNGA NA KIDATO CHA TANO KWA WANAFUNZI WA MCHEPUO WA SAYANSI

Herufi 84 ukihesabu na nafasi. Zote kubwa. Simu nyingi za Android upana wake kwa hesabu za kivinjari ni kama pikseli (nukta za kioo) 360, toa 16 kila upande zinabaki 328. Kama kichwa chako umekipa ukubwa wa pikseli 32 na kimekolezwa, herufi kubwa moja inakula kama pikseli 21 au 22, kwahiyo mstari unabeba herufi kumi na tano hivi. Hapo ni mistari sita, pengine saba, na ukiweka hedha juu yake mzazi anaona jina la shule na kelele ya herufi kubwa, tangazo lenyewe liko chini ya kioo. Shusha mpaka pikseli 22 kwenye simu, unapata mistari minne. Na ofisi uiombe iandike herufi za kawaida, watakataa, basi unajiandaa. Ndo mana mimi maneno ya mfano nachukua yaleyale ya mteja, mabaya kuliko yote niliyoyakuta: kichwa kirefu kuliko vyote, posti isiyo na picha, posti yenye mstari mmoja tu, mwalimu mwenye majina manne. Templeti ikisimama na hao inasimama na wengine.

Kiswahili nacho kina tabia zake. Themu nyingi zimechorwa kwa Kiingereza, menyu ya maneno sita mafupi inakaa vizuri mstari mmoja, ukitafsiri Home ikawa Ukurasa wa Mwanzo na nyingine ikawa Wasiliana Nasi, inavunjika mistari miwili na kusukuma nembo. Mwanzo peke yake inatosha, Mawasiliano inatosha. Vitenzi vyetu pia vinabeba sentensi nzima ndani yake, neno kama walivyotuandikia au yatakayozungumziwa likiangukia kwenye kisanduku chembamba cha kolamu tatu linachomoza nje ya ukuta. Kuna kimstari cha CSS (lugha ya kupangia umbo la ukurasa), overflow-wrap: break-word, kinalikata lisitoke nje. Linakatwa vibaya kwa macho yetu ila bora hivyo kuliko ukurasa mzima kuanza kuyumba kushoto kulia. Na lugha ya websaiti iweke Kiswahili kwenye mipangilio, ili seva itangaze lang="sw", vinginevyo simu ya asiyeona inaanza kumsomea tangazo lako kwa lafudhi ya Kiingereza.

Picha ndo vita vyenyewe. Templeti inataka picha za kulala, watu wanapiga za kusimama, mana simu ndivyo inavyoshikwa. WordPress ukiambia ikate kijipicha inakata kutokea katikati, kwa default ni 150 kwa 150, na picha ya kusimama ya mgeni rasmi ukiikata katikati unabaki na tai na kitambi. Nilishaona ukurasa wa viongozi wote hawana vichwa. Unachoweza kufanya ni kuipa nafasi ya picha uwiano wake kwenye CSS alafu kwa kurasa za watu ukaambia picha ishikilie juu, object-position: top, vichwa vinarudi. Na andaa kabisa posti isiyo na picha ionekaneje. Usiweke ile picha ya kijivu ya "hakuna picha", bora kichwa cha habari kichukue nafasi yote.

Kwenye uzito wa picha WordPress inasaidia zaidi ya watu wanavyojua. Tangu toleo la 4.4 mwishoni mwa 2015 inaipa simu orodha ya saizi kadhaa za picha ileile na simu inachagua inayoitosha, tangu 5.3 picha kubwa kupita pikseli 2560 inazipunguza zenyewe, tangu 5.5 ya 2020 picha za chini zinasubiri mpaka mtu ateremke. Hiyo ya kuchagua saizi na hiyo ya kusubiri zinakufa ukiweka picha kama bakgraundi ya CSS, na plagini za kuburuta zinapenda sana bakgraundi. Mzazi anaungua bando la megabaiti tano kuona ukuta wa darasa.

Kolamu ya pembeni kwenye simu haipo pembeni, inaanguka. Na inaangukia kutokana na mpangilio wa kodi, kilichoandikwa kwanza kinatoka kwanza. Ukiiweka kushoto kwenye kompyuta mara nyingi imetangulia kwenye kodi, kwahiyo kwenye simu mtu anapita menyu ya kategoria na kalenda na picha ya mkuu ndo anafika kwenye tangazo. Sasa hivi na gridi za CSS, zilizoingia kwenye vivinjari vikubwa 2017, unaandika maudhui kwanza na kuiweka kolamu upande wowote unaotaka, hakuna kisingizio. Mimi siku hizi siiweki kabisa.

Kitu cha mwisho, na huwa hakimo kwenye dizaini yoyote ninayoletewa: ukurasa wa kisichopatikana, 404.php kwenye foleni. Linki za fomu za kujiunga zinaishi kwenye magrupu miaka, shule inabadilisha anwani kila muhula, kwahiyo kuna watu kila siku wanaangukia hapo wakiwa na nia kabisa ya kuleta mtoto. Wanakuta neno moja la Kiingereza na kioo cheupe. Pale naweka kisanduku cha kutafuta, fomu tatu za mwisho zilizopandishwa, na namba ya simu ya ofisi, herufi kubwa, ya kubonyeza ikapiga. Namba hiyo naichota palepale kwenye futa, ili yule mteja akibadilisha laini tena abadilishe mara moja.